Dekoda ya kurekodi au kompyuta ya sebuleni: hesabu za nyumba ya mpakani

Mnunuzi anayeulizia kifaa cha kurekodi runinga katika maduka ya Busia, awe upande wa Kenya au amevuka kwenda upande wa Uganda, huwekewa mezani vitu visivyo na undugu. Kuna dekoda ya chaneli za bure yenye tundu la flashi. Kuna dekoda ya kulipia yenye diski ndani. Kuna kijisanduku cha Android ambacho hakina hata mahali pa kuchomeka antena. Na kuna kompyuta ndogo ya mtumba, ile inayoitwa ex-UK, ambayo muuzaji ameipangusa vumbi na kuipandisha cheo ikawa “kompyuta ya TV”. Vyote huunganishwa na runinga kwa waya ule ule wa HDMI, na vyote muuzaji huapa kwamba vinarekodi. Mteja aliyetoka Nangina hupanda matatu na kurudi nacho kimoja, na ni baada ya wiki kadhaa ndipo anapojua alichonunua.

Uchambuzi huu unachukua nyumba ya kawaida ya Samia, kaunti ya Busia, yenye runinga moja, stima ya tokeni au ya sola, na watu wasiokuwa nyumbani kipindi wanachokipenda kinapopita: muuguzi wa zamu ya usiku katika hospitali ya misheni ya Nangina, mwalimu wa shule ya bweni, dereva aliyekwama kwenye foleni ya malori Malaba. Wote wanataka jambo moja, kukuta taarifa ya habari au mechi ikiwasubiri. Njia za kulipata jambo hilo ndizo zinazogongana.

Tulikotoka: deki, kisha dekoda

Mkanganyiko wa leo ulianza na kifaa kilichofanya kazi vizuri mno. Deki ya VHS, iliyotolewa Japani mwaka 1976 na kufika kwetu baadaye na wafanyakazi waliorudi kutoka mijini, ilikuwa inarekodi na kuhifadhi kwa mkupuo mmoja. Ukishanasa kipindi, kaseti ilikuwa mali yako: unaiandika jina kwa kalamu, unaiweka kabatini, unamwazima jirani, na ikichezwa kwenye deki nyingine yoyote inakubali. Hata sheria ilikuja kuitambua desturi hiyo. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya studio za filamu dhidi ya Sony, kwamba mtu kurekodi kipindi nyumbani ili akitazame baadaye si wizi wa hakimiliki.

Kisha zikaja mashine za DVD, ambazo nyingi zilizouzwa kwetu zilicheza tu. Kizazi kizima kikakua bila kurekodi chochote. Vijana wa Busia walizoea kununua sinema iliyokwisha kunakiliwa, si kujinasia wenyewe.

Mabadiliko ya tatu yaliletwa na serikali. Makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006 yaliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa matangazo ya analojia katika nchi nyingi, zikiwemo Kenya na Uganda. Kenya ilianza majaribio ya dijitali Desemba 2009, ikahamia kiwango kipya cha DVB-T2, na mwanzoni mwa 2015 mvutano kati ya Mamlaka ya Mawasiliano na vyombo vikubwa vya habari ukalipuka. Mitambo ya analojia ilipozimwa tarehe 14 Februari, Citizen, NTV na KTN zilitoweka hewani kwa karibu wiki tatu. Watu walikimbilia dekoda bila kuuliza sana, nyingine za bure, nyingine za kulipia. Wengi hawakuona tofauti, kwa sababu siku hiyo tofauti haikuwa na maana: walichotaka ni picha irudi.

Lakini tofauti ilikuwepo, na inauma leo. Katika matangazo ya dijitali kipindi hufika kikiwa tayari ni faili. Kurekodi ni kuliandika faili hilo tu kwenye flashi au diski, kazi nyepesi ambayo dekoda ya bei ndogo inaiweza. Kuhifadhi, yaani kuwa na faili linalofunguka mwaka kesho, kwenye kifaa kingine, hata baada ya dekoda kuungua, ni kazi ya pili. Deki iliziunganisha kazi hizo mbili. Dijitali imezitenganisha, na muuzaji hana sababu ya kukwambia.

Dekoda ya kurekodi: sifa zake na mitego yake

Dekoda hizi ni za ukoo wa aina mbili, na hazifai kupimwa kwa kipimo kimoja.

Ya kwanza ni dekoda ya chaneli za bure. Unachomeka flashi, unabonyeza kitufe chekundu, basi. Sifa yake kubwa si bei bali utulivu. Haina antivirusi, haiombi kusasishwa, haimwulizi bibi nenosiri. Saa yake inajirekebisha yenyewe kwa mawimbi ya kituo, kwa hiyo ukiitegeshea saa moja usiku inase Nipashe ya Citizen, itanasa saa moja kamili hata kama saa ya ukutani imechelewa. Na ikifa, hasara ni ya shilingi elfu chache.

Mitego yake imejificha ndani. Dekoda nyingi za bei nafuu hutaka flashi iliyopangwa kwa mtindo wa FAT32, na mtindo huo haukubali faili moja kuzidi gigabaiti 4. Chaneli ya picha ya kawaida inayotumia megabiti 2 kwa sekunde hula takribani gigabaiti 0.9 kwa saa, kwa hiyo hapo hakuna shida. Saa nne zinaingia. Lakini chaneli ya HD inayotumia megabiti 6 hula gigabaiti 2.7 kwa saa, na faili hujaa baada ya dakika 90 hivi. Sasa fikiria mechi. Dekoda nzuri hufungua faili la pili na kuendelea. Dekoda mbovu husimama hapo hapo, katika dakika ambazo mabao ya mwisho hufungwa. Kabla ya kununua, mwambie muuzaji akuonyeshe rekodi ya saa mbili, si ya dakika mbili.

Mtego wa pili ni kipokezi kimoja. Chaneli kadhaa za dijitali husafiri pamoja katika masafa mamoja, kama abiria wa matatu moja. Dekoda yenye kipokezi kimoja ikishakamata masafa ya kipindi inachorekodi, unaweza kutazama chaneli nyingine tu zilizomo katika masafa hayo. Ukitaka iliyoko katika masafa mengine, rekodi inakatika. Hiyo ndiyo sababu mtu mmoja husema dekoda yake “inarekodi na kutazama kwa pamoja” na jirani yake mwenye dekoda ile ile anaapa haiwezi. Wote wawili wanasema kweli.

Ukoo wa pili ni wa dekoda za kulipia zenye diski. MultiChoice ilipotoa DStv Explora mwaka 2013, iliweka ndani yake diski ya terabaiti 2, vipokezi kadhaa, na ratiba unayoweza kuipitia siku kadhaa mbele na kuchagua kwa rimoti. Kwa urahisi wa kurekodi, hakuna kompyuta iliyowahi kuikaribia. Mtu anayefuatilia Ligi Kuu ya Uingereza na anayemudu malipo ya kila mwezi hana haja ya kuendelea kusoma.

Tatizo ni umiliki. Rekodi za dekoda hizi hufungwa kwa kufuli ya kielektroniki inayotegemea kadi na malipo. Diski ukiitoa na kuichomeka kwenye kompyuta, huoni kitu. Dekoda ikiungua na kubadilishwa, mkusanyo unakwenda nayo. Na mwezi ambao ada ya shule imekula malipo ya dekoda, mara nyingi na vile ulivyokwisha kurekodi vinafungwa. Kwa maneno mengine, hapa hununui hifadhi. Unakodi kabati ambalo ufunguo wake uko kwa mwenye nyumba.

Kompyuta ya sebuleni: uwezo mkubwa, mwenyewe nani?

Wazo la kuifanya kompyuta iwe kinasa runinga si geni. Mwaka 2002 Microsoft ilitoa toleo la Windows XP lililolenga sebule, na mwaka huo huo wapenzi wa programu huria wakaanzisha MythTV. Programu ya Kodi ilianzia kwenye mashine ya michezo ya Xbox kabla ya kuchukua jina lake la sasa mwaka 2014. Microsoft yenyewe ilichoka: Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, kile kitengo cha runinga kilikuwa kimeondolewa. Lakini upande wa programu huria uliendelea, na mwaka 2018 hata kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, inayotosha kiganjani, ikapata kibao chake cha kupokea DVB-T2.

Sifa ya kwanza ya njia hii ni ile ambayo dekoda haiwezi kuidai: faili ni lako. Kipindi kikishaingia kwenye diski unaweza kukikata matangazo, kukipunguza ukubwa, kukinakili mara tatu, kumtumia ndugu aliye Nairobi. Thamani ya jambo hilo haionekani mpaka kipindi kisipopatikana tena. Charles Bukeko, mwigizaji wa Papa Shirandula, alifariki Julai 2020 na kuzikwa kwao, kaunti hii hii ya Busia. Kwa zaidi ya mwongo mmoja kipindi chake kilikuwa kikipita kwenye runinga za Samia kila wiki, kikionekana ni kitu cha kila siku kisicho na haja ya kutunzwa. Baada ya mazishi, aliyekuwa na faili alikuwa na kitu. Aliyekuwa na rekodi ndani ya dekoda iliyoungua mwaka uliotangulia alibaki na kumbukumbu.

Sifa ya pili ni ya kiufundi na haisemwi vya kutosha. Programu kama Tvheadend, ikiwa na kipokezi kimoja tu, inaweza kunasa chaneli kadhaa kwa wakati mmoja mradi zimo katika masafa mamoja. Citizen, NTV na KTN hurushwa na kampuni ya Africa Digital Network, iliyoundwa na wamiliki wa vyombo hivyo wakati wa ule mvutano wa kuhamia dijitali. Mahali ambapo zimepakiwa katika masafa mamoja, kipokezi cha bei ya dekoda moja kinaweza kunasa taarifa tatu za habari za saa moja kwa mpigo. Hakuna dekoda ya dukani inayofanya hivyo kwa gharama hiyo.

Sifa ya tatu ni maktaba. Nyumba nyingi za mpakani zina sinema zilizosimuliwa kwa Kiswahili na DJ Afro na nyingine zilizotafsiriwa kwa Kiluganda na VJ Jingo au VJ Junior, zimetapakaa kwenye flashi sita ambazo hakuna anayejua ipi ina nini. Kompyuta yenye Kodi inazipanga zote kwenye orodha moja yenye picha. Kwa familia inayotazama zaidi sinema kuliko habari, hilo peke yake linaweza kuhalalisha gharama. (Kama sinema hizo zilinakiliwa kwa haki ni swali jingine.)

Udhaifu wake una mizizi miwili. Kwanza, kompyuta haioni chaneli za kulipia. Kipokezi cha DVB-T2 kinanasa zisizofungwa tu. Njia ya kuzunguka, kuchukua picha kutoka kwenye nyaya za rangi tatu za dekoda kwa kifaa cha kunasia, inakupa picha dhaifu na inakulazimu uiache dekoda kwenye chaneli hiyo hiyo muda wote. Kwa HDMI mlango umefungwa kwa kufuli nyingine.

Pili, na hapa ndipo kompyuta nyingi za sebuleni hufia: zinahitaji mtu. Kila nyumba iliyofanikiwa nayo ina kijana mmoja anayeielewa. Siku kijana huyo anapokwenda chuoni Maseno au kupata kazi Mombasa, sebule inabaki na sanduku ambalo hakuna anayethubutu kuligusa. Programu inaomba kusasishwa na kula bando la wiki. Kipokezi kinapoteza dereva zake baada ya mfumo kubadilika. Mama anataka habari za saa moja na anakuta skrini nyeusi yenye maandishi meupe. Fundi wa runinga wa sokoni Funyula, anayejua kubadilisha kapasita ya dekoda kwa dakika ishirini, haoni pa kuanzia.

Tahadhari moja kuhusu vifaa vya ng’ambo. Ndugu walio Uingereza hupenda kutuma vinasa vyao vya zamani, au vipokezi vya kompyuta, kwa nia njema. Vile vya kizazi cha kwanza cha Freeview vinasoma DVB-T peke yake, na hapa haviwezi kuona chaneli hata moja. Vilivyoandikwa HD vina DVB-T2, na vina nafasi ya kufanya kazi, lakini ratiba na mpangilio wake vimeshonwa kwa ajili ya Uingereza. Vya kutoka Marekani ni vya mfumo mwingine kabisa. Mwulize mtumaji namba ya modeli kabla hajalipia mzigo.

Stima: mahali hesabu inapogeuka

Wauzaji hulinganisha bei za kununua. Kulinganisha kunakostahili ni kwa uniti.

Kinasa cha aina yoyote lazima kiwe macho, au kiweze kuamka, wakati nyumba imelala. Dekoda ya bure ya wati 8 ikiwaka saa 24 kwa siku 30 hutumia karibu uniti 6. Dekoda yenye diski ya wati 20, uniti 14 na kidogo. Kompyuta kubwa ya mtumba inayotumia wati 50 hata bila kufanya kitu, uniti 36. Laptopu iliyozimwa skrini, ya wati 12, chini ya uniti 9. Raspberry Pi, takribani 3, bila kuhesabu diski ya nje.

Tangu Aprili 2023, bei ya chini kabisa ya stima ya nyumbani nchini Kenya ni kwa anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa 100. Nyumba nyingi za vijijini Samia, zenye taa, runinga na chaji za simu, hukaa chini ya 30 bila kujaribu. Kompyuta moja ya wati 50 inayokesha inavuka mstari huo peke yake, na nyumba nzima inahamishwa kwenye bei ya juu zaidi, ikiwemo stima ya taa. Hesabu hii haimo kwenye kikaratasi chochote cha dukani, na ndiyo inayozifanya kompyuta nyingi zizimwe mchana “ili kuokoa tokeni”, zikose kipindi, kisha zionekane hazifai.

Kompyuta inaweza kuwekwa ilale na kujiamsha dakika tano kabla ya kipindi. Inawezekana, ila ni moja ya mambo yanayoharibika mara kwa mara. Na stima ikipotea ikarudi, kompyuta ya mezani kwa kawaida hubaki imezima mpaka mtu abonyeze kitufe, isipokuwa kama kwenye mipangilio yake ya ndani, ile inayofunguliwa kabla Windows haijaanza, pamechaguliwa ijiwashe umeme unaporudi. Nusu ya lawama za “kompyuta haikurekodi” zinatibiwa hapo. Dekoda nazo hazina usafi wote: baadhi hurudi zikiwa zimelala na kusahau zilichoagizwa.

Kwa nyumba za sola hesabu ni fupi. Dekoda nyingi ndogo hutumia volti 12 na huchukua moja kwa moja kutoka kwenye betri. Kompyuta ya mezani inahitaji inveta, na inveta yenyewe inakula. Hapo mjadala umekwisha.

Halafu kuna radi. Kanda ya Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye ngurumo nyingi, na vilima vya Samia vimeinua antena juu ya milingoti. Kizuia-mshtuko kinachowekwa kwenye soketi hakizuii kinachoingia kwa waya wa antena. Ikipiga karibu, dekoda ya bure hufa peke yake na flashi yako mara nyingine inapona. Kwenye kompyuta, mshtuko ule ule unapita kwenye kipokezi cha USB hadi ubao mkuu, na diski yenye vipindi vya miaka mitatu iko sentimita chache tu kutoka hapo. Chomoa antena mvua inaponukia, kifaa kiwe kipi.

Mpaka unabadilisha nini

Kenya na Uganda zinatumia DVB-T2 zote mbili. Kwa dekoda ya bure au kipokezi cha kompyuta, mpaka haupo: antena ikielekezwa vizuri na mawimbi yakiwa na nguvu, kifaa kinasoma UBC au Bukedde za Uganda kama kinavyosoma KBC ya Kenya. Kwa familia za Samia, ambazo ndugu zao wako pande zote mbili, hiyo ni faida ya kweli. Anayetaka Agataliiko Nfuufu ya Bukedde na Nipashe ya Citizen usiku mmoja anahitaji ama antena mbili zilizounganishwa vizuri, ama vipokezi viwili. Kompyuta inapokea vipokezi viwili bila taabu. Dekoda ya bei nafuu haiwezi, lakini dekoda mbili za bei nafuu zinaweza, na bado ni rahisi kuliko kompyuta.

Dekoda ya kulipia, kinyume chake, ina uraia. Iliyosajiliwa Uganda hulipiwa kwa shilingi za Uganda, ina mpangilio wa chaneli za kule, na ikileta shida huduma kwa wateja ni ya Kampala. Wapo wanaovuka kuinunua wakikimbilia bei. Wakipiga hesabu ya kubadilisha pesa, laini ya pili ya simu na siku waliyopoteza kwenye foleni, nafuu huwa ndogo kuliko ilivyotangazwa.

Sheria, kwa ufupi

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inatoa nafasi ya matumizi ya haki ya kibinafsi, na pia inakataza kuvunja kufuli za kielektroniki zinazolinda kazi za watu. Kwa lugha ya sebuleni: kunasa habari za chaneli ya bure ili baba azione akirudi hakumsumbui mtu. Kuifungua kwa ujanja diski ya dekoda ya kulipia ni jambo jingine. Na kuonyesha ulichonasa kwenye kibanda cha kutoza kiingilio ni biashara, inayohitaji idhini ya wenye haki na leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Wauzaji wanaosifia kompyuta kwa kuwa “inafungua kila kitu” hawatakuwepo siku ya kukaguliwa.

Wanaosema kurekodi kumepitwa na wakati

Hoja ya tatu inakataa swali lenyewe. Inasema: Citizen na NTV ziko YouTube moja kwa moja, taarifa ya jana inapatikana leo, simu ya kila mtu ni kinasa tosha. Starlink, iliyoanza Kenya Julai 2023, imefika hata mahali ambapo waya wa faiba hautafika karibuni.

Hoja hii ina nguvu mijini, na itazidi kuipata. Udhaifu wake ni gharama na uhakika. Saa moja ya video yenye ubora wa wastani hula data karibu sawa na rekodi ya saa moja ya chaneli ya kawaida, na hulipiwa kila unapoitazama. Faili lililonaswa kwa antena hulipiwi hata likitazamwa mara kumi na watu kumi. Pia kilicho mtandaoni ni cha mwingine. Netflix ilianzisha mpango wa bure kwa Wakenya wa simu za Android mwaka 2021, ikaufuta mwaka 2023. Waliokuwa wameuzoea hawakuulizwa.

Mizani

Kwa kazi ya kurekodi, dekoda inashinda, na haishindi kwa tofauti ndogo. Inatumia stima kidogo, inaendeshwa na yeyote, na kuiharibu si msiba. Kwa kazi ya kuhifadhi, kompyuta inashinda, na dekoda ya kulipia haimo hata kwenye mashindano. Kosa la wengi ni kununua mashine moja ifanye kazi zote mbili, kisha kuilaumu kwa ile isiyoiweza.

Kwa hiyo nyumba ya kawaida ya Nangina, kwa maoni ya mwandishi huyu, inanunua dekoda ya chaneli za bure iliyothibitishwa kwamba faili zake zinafunguka kwenye kompyuta. Neno hilo la mwisho ndilo la kusimamia. Nenda dukani na flashi yako, rekodi hapo hapo, kisha uifungue kwenye laptopu ya duka kwa VLC. Zikifunguka, umepata. Zikifunguka kwenye dekoda yenyewe tu, umepewa kabati la mwenye nyumba kwa bei ya bure. Kisha, mara moja kwa mwezi, yanayostahili kubaki yanahamishwa kwenye diski ya nje kwa laptopu ya mtu yeyote, ya mwalimu, ya binamu, ya cyber, na flashi inafutwa ianze upya.

Kompyuta inayokesha inamfaa mtu wa aina mbili: mwenye mkusanyo mkubwa wa sinema, na mwenye kutaka chaneli nyingi kwa pamoja, kama mwalimu wa uandishi wa habari au mfuatiliaji wa siasa. Huyo asinunue ya mezani. Atafute laptopu ya mtumba iliyovunjika skrini, ambayo mafundi wa Busia huwa nazo kwa bei ya chini kwa sababu wengi hawazitaki. Inatumia stima ya kiwango cha dekoda, na betri yake, hata ikiwa imechoka, inaivusha kwenye kukatika kwa dakika kumi bila rekodi kupotea.

Dekoda ya kulipia yenye diski ni ya mpenzi wa michezo anayejua kwamba mechi ya wiki jana haitamjalisha mwaka ujao. Kwake kufuli si hasara.

Kombe la Afrika la 2027 litaandaliwa na Kenya, Uganda na Tanzania pamoja, na maduka ya mpakani yatajaa vifaa vya kurekodi miezi michache kabla yake. Anayetaka kunasa mechi za Harambee Stars na za Uganda Cranes siku zitakapogongana aanzie kwenye antena: aone kama inaleta chaneli za nchi zote mbili kwa picha isiyoganda wakati wa mvua. Isipoleta, pesa za kwanza ziende kwenye mlingoti na waya mzuri, kwa sababu picha inayokatika itarekodiwa hivyo hivyo ikikatika, iwe kwenye flashi ya shilingi mia tano au kwenye diski ya terabaiti mbili.